Kifuniko Kigumu cha Katakiu

Mtaani walimwita Katakiu. Kazi yake ilikuwa pampu: kuzishusha visimani, kuzipandisha zikigoma, kuzifungua, kuzitoa matope na kuzirudisha mpaka zicheue maji. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na pikapu yake ya petroli ilikuwa na umri wa mtu aliyekwisha kuoa na kupata watoto wawili.

Ndani ya nyumba yake waliishi watu watatu. Yeye, mkewe aliyefundisha chekechea, na dada yake mkubwa.

Huyo dada ndiye aliyemlea. Wazazi walipofariki, Katakiu akiwa darasa la tatu, dada aliacha shule akaenda kukata tiketi stendi ya mabasi. Alikuwa na sauti ya kuita abiria kutoka ng'ambo ya soko, na kwa sauti hiyo alimlisha mdogo wake, akamvisha, akamsomesha ufundi. Basi lililorudi nyuma bila dereva kutazama ndilo lililomvunja mguu. Mguu uliungwa kwa chuma, lakini goti likakataa kukunjika tena. Likabaki limenyooka kama mpini wa jembe. Miaka ikaenda, presha ikala figo. Sasa kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi ilikuwa lazima afike hospitali, alazwe kwenye kiti, aunganishwe na mashine ya kusafisha damu kwa saa nne.

Kwa mguu ule hakuenea kwenye kabini ya pikapu. Teksi walijaribu mara moja. Alikaa kiti cha nyuma, mguu ukatokeza dirishani, askari akawasimamisha, na yule dereva hakupokea simu yao tena. Kwa hiyo alipanda nyuma, kwenye bodi, juu ya godoro, mgongo umeegemea kabini na mguu umenyooshwa mbele yake. Alishika mwavuli. Wakipita stendi aliinua sauti yake ya zamani: "Hospitali, hospitali! Viti vipo, wazima hatuwachukui!" Wapiga debe walimjibu kwa vigelegele.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumatatu kama Jumatatu nyingine. Katakiu alimsukuma dada yake kwa kiti cha magurudumu mpaka wodini, akangoja aunganishwe, akarudi kwenye maegesho. Turubai lililofunika vyombo vyake nyuma lilikuwa limepasuliwa kama tumbo la samaki. Sanduku la spana halikuwapo. Makoleo ya mabomba hayakuwapo. Roli la nyaya halikuwapo, wala pampu ya mteja aliyoitoa kisimani siku moja kabla. Walikuwa wamemwachia godoro.

Jirani yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja kumpa pole. "Usivunjike moyo, fundi mwenzangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo halikuvunjika," alisema Katakiu. "Limeibwa, pamoja na uhunzi wenyewe."

Wiki tatu alifanya kazi kwa vyombo vya kuazima, leo spana ya huyu, kesho kamba ya yule. Wateja wakaanza kuhesabu siku. Ndipo alipoitwa na kampuni moja ya maji iliyokuwa na visima kumi na viwili vya shule na zahanati. Msimamizi wake, mtu mwembamba aliyependa kuzungumza amesimama, aliizunguka ile pikapu kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Kazi yako naijua," alisema. "Lakini nikikukabidhi pampu yangu, unaiweka wapi?"

"Hapa nyuma, bosi. Nafunika kwa turubai."

"Turubai." Msimamizi alilirudia neno lile kana kwamba limemkwama kwenye meno. "Mimi sina neno na wewe. Ila sharti la ofisi ni kifuniko kigumu chenye kufuli. Jumatatu ijayo nikikiona, visima ni vyako. Nisipokiona, kuna mwingine anangoja."

Jioni ile, kabla jua halijazama, Katakiu aliingia chumbani kwa dada yake na kipande cha uzi.

"Unanipimia sanda?" dada akauliza.

"Nakupimia mguu, dada. Nyoosha."

"Umeshanyooka tangu enzi za basi lile."

Akapima kutoka nyongani mpaka kisiginoni, akafunga fundo, akatia uzi mfukoni.

Duka la vifuniko lilikuwa ndani ya karakana ndefu yenye harufu ya mpira mpya. Muuzaji alimwonyesha aina tatu. Cha kwanza kilijiviringisha kama pazia la duka na kuingia kwenye kisanduku kilichokaa nyuma ya kabini. Kizuri, lakini mchanga ukiingia kwenye reli zake hakisogei, na Katakiu aliishi kwenye mchanga. Cha pili kilikuwa mabamba matatu ya aluminiamu yaliyojikunja moja juu ya jingine kuelekea mbele. Cha tatu kilikuwa kipande kimoja cha faibaglasi, kimeongezewa vyuma kwa ndani, kina bawaba upande wa kabini, pale pale dada anapoegemea, na kinafunguka kwa nyuma kama mfuniko wa sanduku.

Katakiu alisimama kwenye kile cha kujikunja. Alikunja mabamba mawili, akatoa uzi wake, akapima nafasi iliyobaki wazi. Fundo likaishia kabla ya kilango cha nyuma, na nafasi ya kiganja ikabaki. Aliguna kwa furaha.

"Hiki," alisema.

Muuzaji akachungulia pikapu nje, akatikisa kichwa. "Kwa gari la mwaka ule, mzee, hiki hakipo. Kinaagizwa. Miezi mitatu, labda minne."

"Na hiki cha kipande kimoja?"

"Hiki kimoja tu ndicho kinachokaa kwenye bodi yako. Tunakufungia leo hii. Mwizi atalia machozi."

"Kinatoka?"

"Kila kitu kinatoka. Bolti sita, watu wanne."

Mshika mawili, wanasema, moja humponyoka. Katakiu alikuwa ameyashika mawili kwa mikono yote miwili, na alijua. Akasema wafunge.

Msimamizi akakiona kifuniko, visima vikawa vyake, na mwanzoni mambo hayakuwa mabaya. Jumatatu na Alhamisi alfajiri majirani walikuja: fundi wa kuchomelea, muuza magazeti, na mzee wa nyumba ya pembeni aliyekuwa mwanajeshi na aliyetoa amri hata kwa vijiko. Bolti sita zikafunguliwa, kifuniko kikanyanyuliwa, kikaegemezwa ukutani, dada akapandishwa. Mchana kikarudishwa, Katakiu akaenda visimani. Mvua haikuingia tena. Vyombo vyake vipya, alivyovinunua kwa malipo ya kwanza ya kampuni, alivikuta mahali alipoviweka. Mara nyingine, akiwa peke yake shuleni chini ya mti wa kivuli, aligeuza ufunguo, akasikia kufuli linavyolia kwa utulivu, na moyo wake ulitulia kidogo.

Lakini ujirani nao huchoka. Wiki ya tatu muuza magazeti alianza kuchelewa. Ya nne mzee mwanajeshi aliumwa mgongo, na mkewe akaja mwenyewe kusema, kwa adabu sana, kwamba mume wake ameambiwa asinyanyue kitu. Bolti moja ikaanza kuliwa meno. Dada aliyaona hayo yote kutoka barazani, ameshika mwavuli wake.

"Mdogo wangu," alisema siku moja, "hawa watu wananibeba mimi au wanabeba jeneza? Maana sura zao ni za mazishini."

"Watazoea, dada."

"Mimi nilikaa stendi miaka ishirini na miwili. Mtu akikusaidia mzigo mara ya kwanza ni ndugu. Mara ya kumi ni mchukuzi, na anataka kujua zamu yake inaisha lini."

Jumatatu ya wiki ya sita, fundi wa kuchomelea alikuwa amesafiri msibani. Muuza magazeti hakutokea. Katakiu na mkewe walifungua bolti tano. Ya sita ilizunguka tu mahali pamoja, haitoki wala haikazi. Walisukuma, wakavuta, mke akaumia kidole. Saa nne asubuhi wakapiga simu hospitali, wakaambiwa nafasi ya dada imepewa mwingine, waje Alhamisi.

Alhamisi ilikuwa mbali. Jumanne miguu ya dada ilivimba. Jumatano uso ulivimba, macho yakawa mistari, na hakuweza tena kulala chali. Alikaa ameinama mbele, anapumua kwa vipande. Katakiu alipiga simu ya gari la wagonjwa. Moja lilikuwa gereji, la pili lilikuwa limekwenda mbali na haijulikani linarudi lini. Alipiga teksi tatu. Alikwenda kwa dereva wa basi dogo la shule, akamkuta ameshaondoka na watoto. Alirudi nyumbani Alhamisi saa moja na nusu asubuhi akiwa hana mbele wala nyuma, akaipiga ile bolti ya sita kwa nyundo mpaka kiganja kikachubuka. Haikutoka.

"Niweke humo humo," dada alisema.

"Humo wapi?"

"Chini ya mfuniko wako. Si umesema mwizi hanipati?"

"Dada, wewe si mzigo."

"Nikikosa leo," alisema, akavuta pumzi, "kesho nitakuwa."

Mkewe alishika kichwa. "Wifi, humo hamna hewa."

"Acheni kilango wazi. Kichwa changu kikae huku nyuma, nione barabara. Nitapata hewa kuliko nyinyi."

Basi wakafanya hivyo. Vyombo vikasukumwa mbele. Godoro likatandikwa, mito ikapangwa ili asilale chali. Kilango cha nyuma kiliachwa wazi, kifuniko kikainuliwa shibiri mbili, kikawekewa kigingi cha mti na kufungwa kwa kamba kisije kikamwangukia. Mkewe Katakiu alitaka kukaa naye, lakini nafasi haikuwapo, na watoto wa chekechea walikuwa wakimngoja mlangoni mwa darasa. Akambusu wifi yake kipajini, akakimbia.

Katakiu aliendesha polepole. Mwanzoni aliisikia sauti ya dada kupitia bati: "Hospitali, hospitali..." Ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwapo. Walipofika mzunguko mkubwa wakakuta foleni imesimama. Injini iliunguruma. Gari la mbele lilisogea hatua mbili, naye hatua mbili. Jasho lilimtiririka. Alikuwa akitazama saa, akihesabu dakika kabla nafasi haijapewa mtu mwingine, na katika kuhesabu huko hakujua ni lini hasa sauti ya nyuma ilinyamaza.

Mwendesha pikipiki alimgongea kioo kwa kiganja. "Mzee! Mama yako huko nyuma kichwa kinaning'inia!"

Alitoka bila kuzima injini. Alipofika nyuma, moshi ulimpiga usoni. Bomba la moshi, lililotoboka miezi kadhaa iliyopita na ambalo kila wiki alisema atalichomelea, lilikuwa likitema chini ya kilango, na moshi wote ulivutwa ndani ya lile pango alilolitengeneza kwa mikono yake.

Hakuna aliyelijua jambo lile kuliko yeye. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia wateja: injini ya petroli haishushwi kisimani, hata kwa dakika moja, hata kwa kamba, moshi wake unalaza mtu kama usingizi, na anayeshuka kumtoa analala naye. Alikuwa amelisema mpaka watu wakalichoka. Na leo alimlaza dada yake mdomoni mwa moshi ule ule, akatoka akaenda kutazama saa.

"Dada! Dada!"

Alimvuta na godoro lake mpaka kando ya barabara. Uso ulikuwa mwekundu kwa namna asiyoipenda. Alimpigapiga mashavu. Mwendesha pikipiki akamshika mabega wakamkalisha, na baada ya muda ambao Katakiu hakuweza kamwe kuusimulia, dada alikohoa, akatapika, akafungua macho bila kumtambua.

Gari lililowachukua lilikuwa lori la mchanga. Dereva wake hakuuliza swali. Alishuka, akashusha ubao wa pembeni, na watu sita wasiojuana wakampandisha mgonjwa juu ya mchanga, mguu wake umenyooka kuelekea mbele. Katakiu alipanda naye akamshikia kichwa mapajani. Pikapu ilibaki katikati ya foleni, milango wazi, inaunguruma, ina vyombo vyake vyote na pampu mbili za kampuni. Hakugeuka kuitazama.

Hospitalini walimvalisha dada kinyago cha hewa, wakampeleka mbio. Baada ya saa nzima muuguzi mmoja alitoka, akamkuta Katakiu amechuchumaa ukutani, mchanga umejaa nywele.

"Ameunganishwa na mashine," alisema. "Lakini damu yake ina moshi. Alikuwa wapi?"

Katakiu alikitazama kiganja chake kilichochubuka. Muuguzi alimtazama, akaingia ndani akaulize mwenyewe. Mlango haukufungwa vizuri, na Katakiu alisikia.

"Mama, ulivuta moshi wapi?"

Sauti ya dada ilisikika, nzito, kinyago kimesogezwa kando: "Jikoni. Nilifunga dirisha, nikawasha mkaa. Ujinga wangu."

Hapo ndipo Katakiu alipolia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya foleni ya watu wenye kadi mikononi. Aliyemvalisha sare ya shule, aliyemdanganya mwalimu mkuu kwamba karo iko njiani, alikuwa bado anamkinga, na safari hii alikuwa akimkinga na yeye mwenyewe.

Pikapu aliikuta jioni mbele ya kituo cha polisi. Askari wa barabarani walikuwa wameisogeza. Kifuniko kilikuwa wazi kwa kigingi na kamba vilevile. Pampu mbili zilikuwapo. Spana zilikuwapo zote. Alizitazama, akakishusha kifuniko bila kukifunga kwa ufunguo.

Dada alilazwa siku tano. Aliporudi nyumbani kichwa kilimuuma kila mchana, na majina yalimponyoka. Mara mbili alimwita mke wa Katakiu kwa jina la msichana wa stendi aliyekufa zamani. Wakipita stendi hakuita tena. Siku zile alipelekwa na lori la mchanga, kwa huruma ya yule dereva, lakini huruma ya mtu mwenye kazi yake nayo ina kikomo.

Jumamosi moja mchana Katakiu alikwenda kwa fundi wa kuchomelea, aliyekuwa amerudi kutoka msibani, akamwomba grenda.

"Unakata nini?"

"Kifuniko."

"Kile kipya?" Jirani aliweka chini glavu zake. "Katakiu, kile ukikikata hakirudi. Na kampuni je?"

"Kwanza nichomelee bomba la moshi. Halafu nipe grenda."

Walifanya pamoja. Bomba kwanza, na Katakiu akalipapasa mara tatu kwa kiganja kutafuta tundu. Kisha akautoa ule uzi wa mguu, akaupima kutoka kilango cha nyuma, akaongeza kiganja kimoja, akapiga mstari wa chaki hapo juu ya kile kipande kimoja, akavaa miwani, akaikata ile faibaglasi upana wake wote. Vumbi jeupe likawafunika wote wawili. Sehemu ya mbele ikabaki na bawaba zake. Wakaisimamishia ukuta wa bati nene chini yake na kulihamisha kufuli. Ikawa sanduku fupi la vyombo, lenye kufungwa. Sehemu ya nyuma ikawa wazi kwa mbingu, kama zamani. Bolti ya sita, iliyozunguka mahali pamoja, waliikata kichwa.

Jumatatu msimamizi wa kampuni alikuja kukagua. Alizunguka pikapu, akagonga bati kwa vidole, akavuta kufuli, akatazama kingo za mkato.

"Nini hiki, fundi?"

Katakiu alimweleza, kila kitu, hata foleni, hata moshi, hata lile la jikoni ambalo hakuwa amemwambia hata mkewe. Hakuomba huruma, alieleza kama anavyoeleza kisima kilichokauka. Msimamizi alisikiliza amesimama.

"Pampu kubwa haitaingia humo," alisema mwishowe.

"Haitaingia."

"Sharti si langu, unajua."

"Najua, bosi."

Visima virefu vinane vilipewa yule mwingine aliyekuwa akingoja. Katakiu aliachiwa vinne, vya pampu fupi, vilivyo mjini, na msimamizi alisema hata hivyo atasikia maneno ofisini. Ilikuwa theluthi ya kazi aliyoikamata kwa mkono. Mkewe aliposikia alisema atatafuta masomo ya ziada ya kufundisha mchana, akaendelea kuchambua mchele.

Jumatatu ile dada alipelekwa na lori la mchanga kwa mara ya mwisho; Alhamisi, Katakiu alimpandisha dada nyuma peke yake, bila jirani, kwa ubao alioutengeneza. Godoro, mito, mwavuli. Mgongo wa dada uliegemea bati jipya, mguu umenyooka mbele yake.

"Unasikia harufu yoyote?" aliuliza Katakiu.

"Hapana."

"Ukisikia kichwa kinazunguka?"

"Nitasema."

Alipofika kona ya kwanza alisimama, akashuka, akaja nyuma kumtazama. Dada alikuwa macho. Akarudi akaendesha. Penye duka la dawa alisimama tena. Penye daraja alisimama, magari ya nyuma yakapiga honi, akashuka, akainama kunusa chini ya kilango, akamtazama dada usoni, akamgusa mkono kuona kama una joto.

"Mdogo wangu," alisema dada, "ukisimama tena nashuka nitembee kwa miguu."

Katakiu alicheka, kicheko kikamkatikia njiani. Akafuta uso kwa mkono wa shati, akapanda kwenye usukani. Kabla ya kufika hospitali alisimama mara mbili nyingine.